Bonge, winchi na kidonge cha asubuhi

Kindoo cha plastiki kinapanda taratibu, kikiyumba kwenye kamba, na macho ya mwanamume mmoja mnene yanakisindikiza mpaka kinapokuwa kidogo kama kizibo cha chupa.

Ndani yake kuna soda mbili, mayai ya kuchemsha na mfuko wa viazi vya kukaanga ambao mafuta yake yameshapenya karatasi. Vimewekwa na mafundi nondo, wanaotaka vyuma vyao vipandishwe kabla ya mbao za maseremala. Maseremala nao wamesimama pembeni, wanasubiri kindoo kirudi waweke vyao.

"Miaka yote kilikuwa kinapanda kuja kwangu," anasema mwanamume huyo, akifunga kamba kwenye nguzo. "Leo mimi ndiye nakipandisha."

Hapa kwenye ujenzi kila mtu anamwita Bonge, na yeye anaitika bila kinyongo. Ni mwendesha winchi, ile winchi ndefu yenye mnara wa vyuma na mkono unaozunguka juu ya jengo. Lakini hajapanda kwa miezi mitatu sasa. Daktari wa kampuni alimzuia tangu siku presha ilipomkamata akiwa huko juu, pipa la zege likining'inia juu ya vichwa vya watu.

Leo mchana anapimwa tena. Presha ikiwa chini ya kiwango cha kampuni, kesho asubuhi atapanda. Ikiwa juu, mwendeshaji mwembamba aliyeletwa kumshikia nafasi atapewa mkataba, na Bonge atabaki chini kuvuta kamba, kwa ujira ambao ni nusu ya ule wa juu.

"Usiniulize kama nina wasiwasi," anasema. "Nikiwa na wasiwasi, presha inapanda. Nikikumbuka kwamba inapanda, inapanda tena. Sasa mtu uwaze nini?"

Anacheka, lakini kicheko hakifiki machoni.

Hakuzaliwa mnene. Anayeijua vizuri historia ya mwili huo ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mfupi mwenye sauti kubwa ambaye watu wanamwita Redio. Kazi yake ni kusimama kwenye mzigo na redio ya mkononi, akimwambia aliye juu apandishe, azungushe au ashushe. Aliye juu mara nyingi hauoni mzigo vizuri. Anaamini sauti.

"Siku anakuja kumposa dada yangu alikuwa kama nondo," anasema Redio. "Mama alinivuta jikoni akaniuliza, huyu anakula kweli? Nikamwambia, mama, mpe muda."

"Muda nimepewa," Bonge anadakia. "Na chakula pia."

Kazi ya winchi ni ya kukaa. Mwendeshaji anapanda asubuhi, anashuka jioni. Katikati ya hapo ni kibanda cha kioo kisichozidi upana wa kabati, kiti kimoja na vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono. Miguu haina kazi. Choo hakuna. Kushuka na kupanda tena kwenye ngazi ile ndefu kunakula muda, na winchi ikisimama, jengo zima linasimama.

Ndipo ukaja utaratibu wa kindoo. Hakuna anayekumbuka nani aliuanzisha. Anayetaka mzigo wake upande mapema anamtumia mtu wa juu kitu cha kutafuna. Si rushwa, wanasema wenyewe, ni kumjali tu mwenzao aliye peke yake kule.

"Nikikataa cha mafundi nondo, nimewachukia," anaeleza Bonge. "Nikila chao nikaacha cha maseremala, nimependelea. Kwa hiyo nikawa nakula kwa haki. Nakula vyote."

Mke wake ni fundi cherehani. Yeye aliuona unene huo kwa njia yake, kwenye kitambaa. Kila baada ya muda suruali za kazi zilikataa kufunga, naye alikuwa akifumua mshono wa nyuma kiunoni na kuongeza kipande cha pembetatu. Kipande kikaongezewa kipande. Suruali moja ya kijivu, ambayo bado ameitundika karibu na cherehani, nyuma yake ina vitambaa vya rangi nne.

"Niliona fahari," anasema, akiishika suruali hiyo mapajani. "Watu walikuwa wananisifu. 'Mumeo kanawiri, unamtunza.' Nani angekataa sifa kama hizo? Sikujua kwamba nashona ugonjwa."

Kisha kukoroma kukaanza. Anasema si kukoroma kulikomtisha, bali kunyamaza. Mumewe angekoroma, halafu pumzi ikakatika ghafla, na mke akabaki ameshikilia shuka, akisubiri irudi. "Nilikuwa namwambia, baba watoto, koroma. Koroma nijue upo."

Aliyegundua presha ni daktari wa meno. Bonge alikwenda kung'oa gego, na kabla ya sindano wakampima. Daktari alipoona namba akaweka koleo chini, akasema jino litasubiri. Muuguzi aliyekuwepo, alipokuwa anahangaika kufunga mkanda wa kupimia kwenye mkono ule mnene, alitamka kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unaweza kuzidisha namba kidogo.

Bonge alilisikia neno "kidogo" likawa kubwa. Aliondoka pale na dawa mfukoni, lakini moyoni amebeba mkanda.

"Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia, mimi sina presha. Nina mkono mnene tu."

Siku presha ilipomkamata huko juu ilikuwa ya kumwaga zege la sakafu ya tisa. Siku kama hiyo haina mzaha. Malori yanapanga foleni nje, mapipa yanapanda na kushuka, na watu zaidi ya ishirini wanakuwa wametawanyika juu ya nondo, mabuti yamezama, macho kwenye kazi.

Bonge aliamka kisogo kikimgonga. Alipanda hivyo hivyo. Kindoo kilipanda nyuma yake, naye akala, maana siku ya zege kila mtu anataka kuwa wa kwanza.

Kati ya mtu wa juu na mtu wa chini kuna sheria moja isiyovunjwa. Kila neno linalotoka chini, aliye juu analirudia. "Pandisha." "Napandisha." "Zungusha kulia." "Nazungusha kulia." Lisilorudiwa halijasikika.

Redio alikuwa amesimama kwenye sakafu ile ile ya tisa. Pipa lilikuwa limejaa na lilikuwa limefika juu ya watu.

"Zungusha kushoto," akasema.

Kimya.

"Zungusha kushoto, shem. Rudia."

Kimya tena. Redio akainua uso. Pipa lilikuwa limesimama hewani, lakini waya ulikuwa unatetemeka.

"Shem." Sauti ilikuja nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Naona mapipa mawili."

"Nilitaka kucheka," anakumbuka Redio. "Sisi maisha yetu yote ni utani. Halafu akaniuliza, 'Lipi ni la kweli?'"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Bonge angeshtuka, na kishikio kingecheza. Alifunika redio kwa kiganja, akawapungia watu mkono watoke. Walirudi nyuma kinyumenyume, mmoja baada ya mwingine, macho yamenasa juu. Fundi mmoja buti lake liling'ang'aniwa na zege. Alilivuta mara mbili, akaliacha, akatoka na soksi.

"Fumba macho," Redio akasema kwenye redio. "Usilitazame pipa. Nisikilize mimi tu. Zungusha kushoto, taratibu."

"Nazungusha kushoto. Taratibu."

"Endelea. Endelea. Simama."

"Nasimama."

"Shusha kidogo."

"Nashusha kidogo."

Wote waliokuwepo wanasimulia jambo lile lile: hakuna aliyekohoa. Hata dereva wa lori la zege chini, asiyejua kinachoendelea, alizima injini kwa sababu ya jinsi watu walivyosimama. Pipa lilishuka hivyo, shibiri kwa shibiri, likiongozwa na mtu aliyefumba macho, mpaka lilipogusa ubao na kutoa mlio.

"Limekaa," akasema Redio.

"Limekaa," ikajibu sauti, halafu ikaanza kulia.

Ikabaki shida ya pili, kumshusha mwenyewe. Kila kibanda cha winchi kina mkanda wa uokoaji, wa kumfunga mtu na kumteremsha kwa kamba. Bonge alijaribu kujifunga. Mkanda ulifika mbavuni ukagoma. Haukushonwa kwa ajili ya mtu wa ukubwa wake.

Redio anaogopa urefu. Si siri, watu wanamtania kwamba hata kitandani analala upande wa ukutani. Siku hiyo alitia chupa ya maji kifuani mwa shati, akapiga moyo konde, akapanda ngazi nzima bila kutazama chini.

Alimkuta shemeji yake ameegemea kioo, mishipa ya shingo imesimama, shati limelowa.

"Dawa yako ya asubuhi umekunywa?"

Bonge aliingiza vidole viwili mfukoni mwa shati, akatoa kidonge cheupe kilichoanza kulainika kwa jasho.

"Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia," anasema Redio. "Niliyameza. Nikampa maji, akameza na yeye."

Walikaa mpaka macho ya Bonge yalipoona kitu kimoja kuwa kimoja. Ndipo wakaanza kushuka, Redio mbele, buti za shemeji yake zikiwa juu kidogo ya kichwa chake.

"Ukiteleza, unanifanya karatasi," Redio alimwambia, ili tu pasiwe kimya.

"Nikiteleza, dada yako anazika wawili kwenye jeneza moja."

"Jeneza gani litakutosha wewe, hata bila mimi?"

Walikuwa wanacheka walipofika chini. Kisha wote wawili wakakaa kwenye mchanga kwa pamoja.

Zahanati ya kampuni ni kontena lililokatwa dirisha. Daktari ni mwanamke wa makamo asiye na haraka. Siku hiyo mkanda wa kwanza ulionyesha mia mbili na kumi kwa mia na thelathini.

"Mkanda wenu mdogo, dokta," Bonge akasema palepale. "Mkono wangu mnene. Unazidisha."

Daktari hakubishana. Alifungua kabati, akatoa mkanda mwingine mpana, ulioshonwa kwa ajili ya mikono minene kama ule, akamfunga. Mashine ikavuma. Namba zikasimama kwenye mia moja tisini na sita kwa mia na ishirini na mbili.

"Umesema kweli," daktari akamwambia. "Mkanda ulizidisha kidogo. Sasa twende kwenye hicho kilichobaki."

Bonge anasema hapo ndipo alipoogopa kuliko hata juu. Kule juu alikuwa na sauti ya shemeji yake. Pale hakuwa na pa kujificha.

Daktari alimweleza jinsi unene na presha vinavyoshikana, naye anayarudia maelezo hayo kama anavyorudia maagizo ya redio. Mwili ukiongezeka, damu ya kuulisha inaongezeka, na moyo ni ule ule. Mafuta ya tumboni yanazibana figo, nazo zinaanza kung'ang'ania chumvi na maji badala ya kuyatoa. Mishipa inakakamaa. Na pumzi inayokatika usingizini inaushtua mwili kila mara, kwa hiyo hata anapodhani amelala, moyo wake uko kazini.

"Alinionyesha dirishani pampu inayosukuma maji ya ujenzi kwenye bomba," anasema Bonge. "Akaniuliza, mkiunga bomba juu ya bomba na pampu ni moja, inakuwaje? Nikamwambia, inalia. Akasema, basi moyo wako unalia, na wewe umevaa vizibo vya masikio."

Sio wanene wote wana presha, na wembamba nao wanaipata, daktari anatahadharisha. Lakini uzito ukizidi, anasema, uwezekano unaongezeka, na uzito ukipungua hata kwa sehemu ndogo, mara nyingi presha nayo inasogea chini. "Watu wanasubiri mpaka wawe wembamba ndipo waanze kujisifu. Mimi nawaambia, kilo chache za mwanzo ndizo zinazoanza kuwasaidia."

Lakini alitaka kujua jambo moja. Kwa nini dawa zilikuwa mfukoni?

Kati ya vidonge alivyopewa, kimoja kilikuwa cha kutoa maji mwilini. Siku ya kwanza alikimeza, akapanda, na kabla jua halijakaza akalazimika kushuka. Akapanda. Akashuka tena. Msimamizi wa ujenzi alikuwa chini akitazama saa yake. Mafundi nondo walianza kupiga kelele, "Funueni miavuli, Bonge anaona mawingu!"

Aliona haya. Kesho yake hakukimeza, na maji akaacha kabisa kunywa awapo kazini, isipokuwa soda za kwenye kindoo. Vidonge vyote akavitunza kwa Jumapili. "Jumapili nilikuwa mgonjwa mwema," anasema.

"Ungenieleza hilo ningekubadilishia dawa siku hiyo hiyo," daktari alimwambia. "Ziko nyingi."

"Aliyenipa dawa kule kwa daktari wa meno alikuwa sista mdogo, sawa na binti yangu. Nianze kumsimulia habari za mkojo?"

Mkewe aliyasikia haya siku hiyo hiyo, kutoka kwa kaka yake, si kwa mumewe. Alikwenda kwenye tenga la nguo chafu, akatoa mashati ya kazi, akageuza mifuko. Kila mfuko ulikuwa na unga mweupe kwenye pembe.

"Nilikuwa nafua unga ule kila wiki. Nilidhani ni saruji."

Kila asubuhi ni yeye aliyekuwa akimpa mumewe kidonge kiganjani na glasi ya maji. Mumewe alikuwa anakibana shavuni, anakunywa maji, anamshukuru, na akifika kona ya nyumba anakitoa.

Hakumpigia kelele. Alikaa kwenye cherehani bila kushona. Alimwambia sentensi moja, ambayo Bonge anasema bado ipo masikioni mwake: "Ulikuwa unanidanganya uso kwa uso, na mimi nimekushikia glasi."

Kwa siku kadhaa waliongea kwa kupitia watoto. Kisha asubuhi moja akamletea tena kidonge na glasi. Safari hii alivuta kiti, akakaa mbele yake, akasema, "Meza. Halafu tuongee." Wameongea kila asubuhi tangu hapo, mambo ya ada, ya paa linalovuja, ya wifi aliyenuna. Kidonge kinapita katikati ya mazungumzo.

Dawa alibadilishiwa. Chumvi ilipungua mezani, jambo analolilalamikia mpaka leo. Kazini alipewa kamba ya kindoo, kazi ambayo msimamizi aliipanga kama adhabu bila kujua kwamba ni tiba, na siku nzima anatembea kati ya stoo na mnara. Soda ameacha. Viazi vya kukaanga anavipandisha kwa mtu mwingine, akivinusa.

"Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito," anakiri. "Kindoo kilichelewa kidogo."

"Kilifika na yai moja pungufu," anasema Redio.

Mchana umefika. Ndani ya kontena kuna joto, na Bonge ameketi kama alivyoambiwa, miguu imekanyaga chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Mkanda mpana unajaa upepo. Redio amesimama mlangoni akiuma kucha.

Kiwango cha kampuni ni chini ya mia moja arobaini kwa tisini. Namba ya kwanza inatoka: mia moja hamsini na nane kwa tisini na nane.

Bonge anafungua mdomo, anautazama mkanda mpana, anafunga mdomo.

"Umetembea kuja hapa kwenye jua," anasema daktari. "Tulia. Usiongee. Narudia baada ya muda."

Msimamizi anachungulia dirishani. "Vipi? Anapanda, hapandi? Nimwambie nini yule mwenzake?"

"Mwambie asubiri," daktari anajibu bila kugeuka. "Na wewe ondoka hapo, unanipandishia mgonjwa."

Muda unakwenda. Feni inazunguka. Bonge amefumba macho, na midomo yake inacheza taratibu. Baadaye ataeleza kwamba hakuwa anasali, alikuwa anasema moyoni, shusha kidogo, nashusha kidogo.

Mara ya pili, mia moja arobaini na mbili kwa tisini. Redio anatoka nje, anazunguka kontena, anarudi.

Mara ya tatu mashine inachukua muda mrefu kuliko zote, au ndivyo inavyoonekana. Daktari anasoma, anasubiri, anapima tena kuhakikisha. Mia moja thelathini na sita kwa themanini na nane. Kipimo cha nne kinakaa hapo hapo.

"Unapanda," anasema. "Lakini unanisikiliza. Dawa kila siku, sio Jumapili. Maji unakunywa. Ukibanwa, unashuka. Kila mwezi unakuja hapa, na siku nikisikia umerudi kwenye ule mchezo wa mfukoni, nakufungia ngazi mwenyewe."

Msimamizi ameingia. "Kushuka mara ngapi? Zege linaganda, dokta. Zege halijui mkojo."

Bonge anasimama. Si mtu wa kubishana na wakubwa, na sauti yake inatoka chini.

"Nitashuka, bosi."

"Na zege?"

"Litasubiri. Lilishanisubiri mara moja, likiwa juu ya vichwa vya watu."

Msimamizi anamtazama, kisha anamtazama daktari. "Tutaona," anasema, na kutoka.

Kesho yake asubuhi Bonge anapanda. Anapumzika kwenye kila jukwaa la ngazi, mkono kifuani, kisha anaendelea. Kwenye kilango cha sakafuni mwa kibanda, ambacho zamani alikipita kwa kuinua mikono na kujikunja, sasa anakwama kidogo tu, anapita. Chini, Redio anaachia pumzi.

Kindoo kinamfuata. Mafundi nondo wameweka soda, kwa mazoea. Redio ameitoa, akaweka chupa kubwa ya maji peke yake.

Kazi inakwenda vizuri mpaka lori la zege linapoingia. Pipa linajazwa. Msimamizi amesimama karibu, saa kiganjani.

"Pipa tayari," Redio anasema kwenye redio. "Pandisha."

Kimya.

Mafundi wanaacha walichokuwa wanakifanya. Yule aliyeacha buti lake kwenye zege anarudi nyuma hatua mbili bila kujua.

"Pandisha, shem. Rudia."

Kimya. Redio ameinua uso, na rangi imemtoka. Waya umetulia. Kioo cha kibanda kinaakisi jua, haonekani mtu.

"Shem. Nasema rudia."

Redio ya mkononi inakoroma.

"Sirudii," inasema sauti, safi kabisa. "Nashuka. Maji yamefika."

Fundi nondo mmoja anapaza sauti, "Funueni miavuli!" na jengo zima linaangua kicheko, cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Msimamizi anafungua mdomo, anatazama juu, anatazama pipa lililojaa, na hatimaye anaitia saa yake mfukoni.

Buti zinatokeza kwenye kilango. Bonge anashuka hatua kwa hatua, mbele ya macho ya wote, lori likizungusha tumbo lake la zege. Anapita katikati ya watu bila kuinamisha uso, anakwenda nyuma ya stoo, anarudi akifuta mikono kwenye ile suruali ya kijivu iliyokuwa imetundikwa karibu na cherehani. Nyuma, kiunoni, kipande kimoja cha pembetatu kimefumuliwa, na mahali pake pana mshono mpya.

Anasema ana mpango. Jengo lijalo, akipewa winchi, kabla ya kuuliza ujira ataomba kibanda chenye choo, ili atakayekaa pale baada yake asilazimike kuchagua kati ya dawa na kazi. Ameshamtajia msimamizi. Msimamizi amesema tutaona.

"Na jengo hili?" anaulizwa.

Anaitazama ngazi, anavuta pumzi, anashika chuma cha kwanza.

"Hili nitalimaliza kwa miguu."